Mfalme Aliyekata Neno kwa Kisu



Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja lenye kazi mbili, nalo ni kusikia. Mama akisema, "Mtoto huyu hasikii," jirani yake hamwulizi kama mtoto ana ugonjwa wa masikio. Ajua ya kuwa mtoto ameitwa, na sauti ameisikia vizuri sana, ila hakwenda kuchota maji. Vilevile wazee wasemapo, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," hawasemi habari za viziwi. Waebrania nao walikuwa na neno la namna hiyo hiyo, shama, lenye maana ya kusikia kwa masikio na maana ya kutii pia. Na Wayunani walilitoa neno lao la kutii katika neno lao la kusikia. Basi wale waliofasiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, Agano Jipya likapigwa chapa mwaka 1883 na Biblia nzima mwaka 1891, mahali hapa walikuta shamba limekwisha kulimwa. Mwingereza ana maneno mawili yasiyofanana. Sisi latutosha moja.

Kwa sababu hiyo sisi twaweza kuuliza swali hili, na kila mtu akalielewa: Je, mtu aweza kusikia asisikie? Tumechagua kulijibu kwa habari ya siku moja tu, iliyoandikwa katika sura ya 36 ya kitabu cha nabii Yeremia. Twawaomba wasomaji waifungue na kuisoma wenyewe kabla ya kuendelea, maana sisi hapa twaisimulia kwa maneno yetu, wala maneno yetu si Maandiko.

Yeremia alikuwa amehubiri miaka ishirini na mitatu. Mwaka wa nne wa kumiliki kwake mfalme Yehoyakimu, yaani mwaka 605 kabla ya Kristo, aliagizwa aandike katika gombo la chuo maneno yote aliyokuwa amepewa tangu mwanzo. Nabii hakuandika kwa mkono wake. Alisema kwa kinywa, na rafiki yake Baruku mwana wa Neria akaandika kwa wino. Yeremia mwenyewe alikuwa amezuiliwa asiingie nyumbani mwa Bwana, kwa hiyo akamtuma Baruku akasome mbele ya watu siku ya kufunga.

Siku hiyo ikaja mwaka uliofuata, katika mwezi wa tisa, wakati wa baridi. Twajua sasa kwa nini watu walikuwa na hofu. Katika vibao vya udongo vya Babeli, vilivyosomwa na kutangazwa mwaka 1956, imeandikwa ya kuwa katika mwezi huo huo wa mwaka 604 jeshi la Nebukadreza lilitwaa mji wa Ashkeloni wa Wafilisti na kuuharibu. Kutoka Ashkeloni hata Yerusalemu ni mwendo wa siku mbili au tatu kwa miguu. Moshi wa jirani ukionekana, hata mtu asiyesali hukumbuka kufunga.

Katika siku ile gombo lilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza lilisomwa hekaluni, katika chumba cha Gemaria mwana wa Shafani, karibu na lango, watu wote wakisikia. Juu ya mkutano huo mkubwa Maandiko hayasemi neno. Hayasemi walilia, hayasemi walicheka. Walikuja, wakafunga, wakasikiliza, wakaenda zao. Mtu mmoja tu katika wote aliinuka akafanya jambo, naye alikuwa kijana, Mikaya mwana wa Gemaria. Aliteremka mpaka nyumbani mwa mfalme, akaingia chumba cha mwandishi, akawasimulia wakuu yote aliyoyasikia. Baba yake alikuwa ameketi miongoni mwao, wala hakuwa na habari ya yale yaliyosomwa chumbani mwake mwenyewe. Twapenda kufikiri ya kuwa Gemaria alifurahi alipomwona mwanawe akiingia mbio, ingawa neno alilolileta lilikuwa la kutisha.

Mara ya pili lilisomwa mbele ya wakuu hao. Walimwita Baruku, wakamketisha, akasoma. Waliposikia waligeuziana nyuso kwa hofu. Wakamwuliza jinsi alivyoyaandika, naye akawajibu. Kisha wakamwambia aende akajifiche, yeye na Yeremia, wala mtu asijue walipo. Gombo wakaliweka katika chumba cha Elishama, wakaenda kumwambia mfalme habari yake tu. Hawa hatuwezi kuwasifu sana wala kuwalaumu sana. Walikuwa watu wenye hofu mbili, hofu ya Mungu na hofu ya mfalme, nao walijaribu kuzibeba zote mbili kwa kichwa kimoja.

Mara ya tatu ilikuwa mbele ya Yehoyakimu. Aliketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na seredani ya makaa ikiwaka mbele yake. Maana mji wa Yerusalemu uko juu milimani, na miezi ile baridi yake huuma kama ya Usambara mwezi wa saba. Yehudi akasoma. Gombo la siku zile halikuwa kitabu cha kufunuliwa kama vyetu. Lilikuwa ukanda mrefu, wataalamu wengi hudhani ni wa karatasi ya mafunjo kama ile ya Misri, na maneno yaliandikwa safu baada ya safu. Yehudi alipokwisha kusoma safu tatu au nne, zilikatwa kwa kisu kidogo cha mwandishi, zikatupwa katika makaa. Akasoma tena, zikakatwa tena. Hivyo mpaka gombo lote likaisha.

Angalieni vizuri tendo hili, maana mara nyingi husimuliwa vibaya. Watu husema mfalme alikataa kusikia Neno. Hasha! Mfalme alilisikia lote. Kama angalikuwa amelichukia kwa hasira tu, angalilitupa motoni lote pamoja, asisumbuke na safu. Yeye alisikiliza kwa utaratibu, safu kwa safu, na kila sehemu iliyokwisha kuingia masikioni mwake akaiondoa duniani. Huenda hapakuwa na mtu mjini siku ile aliyesikiliza kwa uangalifu kuliko yeye. Maandiko yasema yeye na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao.

Kwa nini mwandishi ayataje mavazi? Hapo ndipo habari inapotugusa sisi wenye nyumba na watoto. Yehoyakimu alikuwa mwana wa Yosia. Na katika mwaka wa kumi na nane wa Yosia, yaani mwaka 622 kabla ya Kristo, kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati nyumbani mwa Bwana, wakati mafundi walipokuwa wakiitengeneza. Mwandishi mmoja akakipeleka kwa mfalme, akakisoma mbele yake. Na Yosia aliposikia, akararua mavazi yake. Kisha akatuma watu kwa nabii mwanamke, Hulda mke wa Shalumu, awaambie maana yake. (Tuseme hili kwa faida ya wale ndugu wadhanio ya kuwa mwanamke hawezi kumfundisha mtu mkubwa Maandiko: Yosia alikuwa na makuhani tele, lakini wajumbe wake wakaenda kwa Hulda.) Basi baba alirarua nguo, mwana akakata kitabu. Miaka kumi na minane tu yapita kati ya mambo hayo mawili.

Na yule mwandishi aliyemsomea Yosia alikuwa nani? Alikuwa Shafani, baba yake Gemaria, yaani babu yake Mikaya, yule kijana aliyeteremka mbio. Katika chumba cha baridi, kisu kilipokuwa kikikata, watu watatu walimsihi mfalme asilichome gombo: Elnathani, Delaya na Gemaria. Mfalme hakuwasikia. Elnathani naye alikuwa mwana wa mmoja wa wajumbe waliokwenda kwa Hulda, na mtu huyu ana habari ya ajabu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetumwa zamani Misri kumleta nabii Uria, na Uria aliuawa kwa upanga. Mtu aweza kuwa na damu mikononi, naye siku nyingine akasema, "Bwana wangu, usifanye." Hatujui kilichopita moyoni mwake.

Nyumba ya Shafani twaiona mahali pengi. Ahikamu mwana wa Shafani ndiye aliyemkingia Yeremia mkono asitiwe mikononi mwa watu wauawe damu yake. Elasa mwana wa Shafani ndiye aliyechukua barua ya nabii mpaka Babeli kwa wafungwa. Gedalia mwana wa Ahikamu ndiye aliyekabidhiwa Yeremia baada ya mji kuanguka. Walakini katika kitabu cha Ezekieli, sura ya 8, ametajwa Yaazania mwana wa Shafani, akisimama katikati ya wazee waliofukizia sanamu uvumba gizani. Kama Shafani huyo ni huyo huyo, basi hata nyumba ile bora ilikuwa na mwana wake mmoja. Wazazi wenye kulia kwa ajili ya mtoto mmoja aliyepotea wataisoma habari hiyo kwa namna yao.

Sasa tuseme juu ya kisu. Sisi hatujui Mkristo yeyote katika wasomaji wetu ambaye angethubutu kutupa Biblia motoni. Wengi huifunga kwa kitambaa safi, wasiiweke chini. Lakini kisu cha mwandishi ni kidogo, chaingia mfukoni mwa kila mtu.

Fikirini nyumba moja, si ya fulani. Jioni chakula kimekwisha, mama ameketi mkekani, watoto wamenyamaza, mwana mkubwa ameshika taa. Baba asoma waraka wa Yakobo, sura ya tano, akakuta maneno makali juu ya tajiri aliyezuia ujira wa wavunaji wake. Naye ana mtu aliyemchumia kahawa tangu mwezi wa sita, hajamlipa, kila akija aambiwa, "Ngoja kidogo, ndugu." Baba akohoa. Afunua upande mwingine. "Leo tusome zaburi," asema. Zaburi yasomwa, tena kwa sauti nzuri, watu waomba, walala. Hakuna mtu atakayesema ya kuwa nyumba ile haisomi Neno. Lakini yule mwana aliyeshika taa aliuona ukurasa kabla haujageuzwa, naye alimwona mchumaji akirudi mikono mitupu. Kesho naye atakuwa mwenye nyumba.

Wengine wana safu nyingine za kukata. Kuna wasiopenda kusikia habari za wajane, kwa kuwa shamba la marehemu ndugu yao limekwisha kuunganishwa na lao. Kuna wakatao yale yahusuyo waganga wa kupiga ramli, kwa kuwa mtoto alipougua, mtu alitumwa usiku. Kuna wakatao yale ya kusamehe. Na walimu tuna kisu chetu, chenye mpini mzuri: twawasomea watu wa ulevi habari za ulevi, na wazinzi habari za uzinzi, lakini Jumapili ya kusoma habari za ulimi na masengenyo hatuioni ikifika.

Juu ya walimu tuna neno moja zaidi. Mwanafunzi wa ubatizo huulizwa Amri Kumi, huulizwa Sala ya Bwana, huulizwa Imani ya Mitume. Akijibu bila kukwama, husifiwa. Vema, na tusiache kuuliza. Lakini majibu hayo yaonyesha ya kuwa sikio la kwanza ni zima. Habari ya sikio la pili mwalimu hataipata darasani. Aiulize kwa mke wake yule mtu, kwa mtumishi wake, kwa mwenye duka amwandikiaye deni, kwa jirani waliyegombana naye juu ya mpaka. Kazi hii ni ndefu, yaleta uchungu, na pengine yampunguzia mwalimu hesabu ya wabatizwa wa mwaka. Twaona ni afadhali hesabu ipungue.

Kuna namna nyingine ya kusikia, nayo twaiogopa kuliko kisu, maana yafanana sana na utii. Katika sura ya 34 ya kitabu hicho hicho twasoma habari za siku za mfalme Sedekia, wakati majeshi ya Babeli yalipouzunguka mji. Mfalme na watu wote wakafanya agano kumpa uhuru kila Mwebrania aliyekuwa mtumwa, mwanamume na mwanamke, kama torati ilivyoamuru zamani. Ndama alikatwa vipande viwili, wakapita katikati yake. Wakasikia, wakawaacha huru. Kisha jeshi la Babeli likaondoka kwa muda, kwa sababu jeshi la Farao lilikuwa linakuja. Hatari ilipopungua, mabwana wakageuka, wakawakamata tena wale waliowaacha, wakawatia utumwani.

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1875 kijiji cha Freretown kilianzishwa karibu na Mombasa kwa ajili ya watu walioachwa huru. Wajukuu wa watu hao wako makanisani mwetu. Wazee walijua maana ya kuvuliwa mnyororo. Fikirini basi mwanamke wa Yerusalemu aliyeondoka na mzigo wake kichwani, akafika kwao, akalala usingizi wa usiku mmoja au miwili kama mtu huru, kisha akasikia hodi mlangoni, na sauti ni ya bwana wake wa zamani. Mabwana wale walikuwa wametii kweli. Walitii muda wote hofu ilipokuwa langoni. Na Yeremia hakuwaambia maneno laini.

Mtu akiuguliwa huahidi mengi. Akipona, ahadi huanza kupoa pamoja na homa. Tumeliona jambo hili mara nyingi katika nyumba za wagonjwa, hata twamwomba mchungaji aliyealikwa wakati wa hatari arudi tena mwezi mmoja baadaye, bila kualikwa.

Kabla ya habari ya gombo, katika sura ya 35, wamo watu wa namna nyingine, Warekabi. Walikuwa wachungaji wakaao katika mahema. Babu yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mbegu wala mizabibu. Na zaidi ya miaka mia mbili ilikuwa imepita tangu siku zake. Yeremia akawaleta katika chumba kimoja cha hekalu, akaweka mabakuli ya divai mbele yao, akawakaribisha wanywe. Wakakataa. Mwalimu asilifanye somo hili kuwa la pombe tu, ingawa twajua atashawishika. Mungu hakuwaamuru Wayahudi wote waache nyumba zao wakakae mahemani. Aliwaonyesha watu wasomi wa mjini ya kuwa wafugaji hawa wamelisikia neno la babu aliyekufa, wakati wao hawalisikii neno la Mungu aliye hai. Wamasai, Wagogo na jirani zao waliokaa kwa maagizo ya wazee wao vizazi vingi waweza kutuhubiri sisi kwa namna hiyo, tukiwa na unyenyekevu wa kuketi chini.

Tena angalieni jinsi walivyolipata neno hilo. Hawakuwa na gombo la kusomewa. Baba alifanya, mtoto akaona, akafanya naye. Hivyo ndivyo neno lilivyovuka miaka mia mbili ndani ya mahema.

Yehoyakimu alipokwisha kuteketeza gombo aliagiza Baruku na Yeremia wakamatwe, lakini Bwana alikuwa amewaficha. Mfalme akafa mwaka 598. Mwaka 597 mji ukajitia mikononi mwa Babeli, na mwaka 586, kama wengi wahesabuvyo, ukateketezwa kwa moto.

Katika moto huo kuna jambo moja lililojulikana siku zetu. Mwaka 1982 wachimbaji walioongozwa na mtaalamu Yigal Shiloh, katika ule upande wa Yerusalemu uitwao Mji wa Daudi, walifikia nyumba moja iliyoungua. Ndani yake waliokota vidonge hamsini na kimoja vya udongo, vidogo kama ukucha, vilivyopigwa muhuri. Zamani barua ilikunjwa, ikafungwa kwa uzi, na juu ya fundo ukabandikwa udongo mbichi, mwenye barua akaupiga muhuri wake. Moto ulipoingia, barua zote ziliungua zikawa majivu. Lakini udongo ulichomeka kama chungu tanuruni, ukawa mgumu, ukadumu zaidi ya miaka 2,500. Kimoja cha vidonge vile kina jina la Gemaria mwana wa Shafani. Jina la kazi yake halikuandikwa, kwa hiyo mtu mwangalifu hataapa. Walakini wataalamu wengi hukubali ya kuwa ndiye yule aliyemsihi mfalme asichome gombo.

Na gombo lenyewe? Yeremia alitwaa gombo jingine, akampa Baruku. Akaanza kusema tangu mwanzo, Baruku akaandika yote yaliyokuwamo katika lile la kwanza, safu kwa safu, kisha wakaongeza mengine mengi ya namna hiyo hiyo. Katika hayo yaliyoongezwa imo habari ya nyumba ya baridi, na seredani, na kisu.